Wasiwasi uliopitiliza na vidonge vya diazepam: maswali na majibu

Wasiwasi unakuwa ugonjwa wakati gani?
Kodi ya nyumba, mtihani, mtoto mgonjwa: hayo humpa wasiwasi yeyote. Ukikushika karibu kila siku kwa miezi 6 au zaidi, usiweze kuuzuia, ukakunyima usingizi na kukuharibia kazi, huo ni ugonjwa na una matibabu.

Mbona moyo hunienda mbio ghafla, nikaona nakufa?
Mara nyingi ni hofu ya ghafla. Hupanda hadi kilele ndani ya dakika 10 hivi, kisha hushuka yenyewe. Unapohema harakaharaka unatoa hewa ya ukaa kupita kiasi, ndiyo maana vidole na midomo hufa ganzi. Kaa, vuta pumzi kwa pua ukihesabu hadi 4, itoe taratibu ukihesabu hadi 6. Endelea dakika 5. Usipumulie ndani ya mfuko.
Ikiwa ni mara ya kwanza, au kifua kinabana na maumivu yanakwenda mkononi au kwenye taya, wahi hospitali.

Diazepam hunituliza. Ubaya wake nini?
Ubaya ni kwamba inatuliza upesi, kwa hiyo unairudia. Wagonjwa wanafika na vidonge viwili vitatu vilivyokatwa kwa mkasi, vimefungwa kwenye kipande cha gazeti, bila jina, bila kipimo. Dawa hii huandikwa na daktari, kwa kawaida isizidi wiki 2 hadi 4. Baada ya hapo mwili huizoea: kidonge kimoja hakitoshi, unameza viwili, na wasiwasi uko palepale. Ukichanganya na pombe, inaweza kukuzimisha pumzi usingizini. Tafadhali, usiinunue dukani bila cheti cha daktari.

Lakini jirani yangu anaitumia na hana shida?
Usimeze dawa ya jirani. Hujui anaumwa nini, wala hujui usiku wake ukoje akiikosa.

Nimeitumia miezi mingi. Niache leo?
Hapana. Hapana kabisa. Ukiikata ghafla unaweza kutetemeka, kukosa usingizi, hata kuanguka kwa degedege. Hupunguzwa kidogokidogo, kwa wiki au miezi, chini ya usimamizi wa daktari. Usiinunue tena kwa siri, na usiitupe kwa hasira.

Basi tiba yenyewe ni ipi?
Tiba ya mazungumzo: unafundishwa kuyarudia hatua kwa hatua yale unayoyakwepa, mfano kupanda daladala kituo kimoja, kesho viwili. Wengine huongezewa dawa kama fluoxetine, kila siku. Haifanyi kazi siku ya kwanza. Subiri wiki 2 hadi 6, na wiki ya kwanza wasiwasi unaweza hata kuzidi kidogo. Watu wengi huiacha hapo, wakarudi kwenye diazepam. Usiiache bila kumwambia aliyekuandikia. Kahawa, miraa na vinywaji vya kuongeza nguvu, punguza.

Nikionekana kliniki ya afya ya akili, si watasema nina wazimu?
Kuogopa maneno ya watu ndiko kunakowaweka wagonjwa nyumbani miaka mingi, wakipima malaria na taifodi kila mwezi. Anza na kituo cha afya kilicho karibu. Mawazo ya kujiua yakikujia, usisubiri kliniki: mwambie mtu sasa hivi akupeleke hospitali. Ukienda, beba vidonge vyote unavyomeza, hata vile vya kwenye gazeti.