Je, wajua? Pande mbili na pembe moja zaweza kuzaa pembetatu mbili tofauti

Mpe fundi wa kenchi pale Majengo, Moshi, vipimo vitatu: mbao ya mteremko mita 4, pembe ya nyuzi 30 inapokutana na mbao ya chini, na mbao ya kufungia upande wa pili mita 2.5. Mpe mwenzake wa Sakina, Arusha, vipimo hivyo hivyo. Wakate bila kukosea hata milimita, na bado mmoja aweza kuhitaji mbao ya chini ya karibu mita 4.96, mwingine mita 1.96.

Madarasani wengi huamini kwamba vipimo vitatu vikilingana, pembetatu nazo zimelingana kabisa. Kosa hili lina chanzo. Kanuni zinazokubalika zote hutaja vitu vitatu: pande tatu, pande mbili na pembe iliyo katikati yake, pembe mbili na upande unaooana. Mwanafunzi hushika idadi, akaachia mpangilio. Pembe tatu hazimdanganyi sana, kwa kuwa pembetatu ndogo na kubwa huweza kuwa na pembe zile zile. Kinachomnasa ni pande mbili na pembe isiyokaa katikati yake.

Chukua mbuzi aliyefungwa kwenye kigingi, mita 2 kutoka kwenye njia iliyonyooka, kwa kamba ya mita 2.5. Akiikaza kamba, anaigusa njia mahali pawili: mita 1.5 kushoto kwa sehemu iliyo karibu zaidi na kigingi, na mita 1.5 kulia. Kigingi ni kilele cha kenchi, ambacho kwa nyuzi 30 na mbao ya mita 4 kimo chake ni mita 2 kamili. Njia ni mbao ya chini, kamba ni ile mbao ya mita 2.5. Kamba ya mita 2 ingegusa mahali pamoja tu; fupi zaidi ya hapo isingefika, na pembetatu isingekuwepo. Ikifika mita 4 au kuzidi, mguso wa pili huangukia kwenye kona yenyewe ya nyuzi 30 au nyuma yake, hivyo hubaki pembetatu moja. Kwa hiyo mpangilio huu haukosei kila mara: upande unaoitazama pembe usipopungua ule mwingine, unathibitisha vizuri.

Ndiyo maana pembe mraba (nyuzi 90) imepewa kanuni yake: pembe hiyo, upande unaoitazama na upande mwingine mmoja vinatosha. Upande unaoitazama pembe mraba siku zote ndio mrefu kuliko yote, kwa hiyo mlango wa pembetatu ya pili umefungwa. Pembe butu, inayozidi nyuzi 90, nayo ina sifa hiyo hiyo, ingawa hutajwa mara chache mno.

Kosa lenyewe huonekana hivi kwenye daftari. Pembetatu ABC ina AB = AC. D iko popote juu ya BC. Mwanafunzi anaandika: AB = AC, pembe B = pembe C, AD ni upande wa pamoja, basi ABD na ACD zinalingana. Lakini pembe B haiko kati ya AB na AD. Hoja hiyo ingekuwa sahihi, kila nukta juu ya BC ingekuwa katikati yake! Dawa ni kuongeza taarifa moja ya kweli: kama D ni katikati, tumia BD = CD; kama AD inagawa pembe A nusu kwa nusu, tumia pembe hizo mbili zilizo A.

Euclid, mwanahisabati wa Ugiriki ya kale, yapata mwaka 300 KK aliweka kanuni zinazokubalika katika kitabu cha kwanza cha Elements, kazi yake ya jiometri, hoja za 4, 8 na 26. Mpangilio wetu korofi haumo humo. Unajitokeza kitabu cha sita, hoja ya 7, kwa pembetatu zenye umbo moja, tena kwa sharti kuhusu pembe iliyobaki: ama zote mbili ziwe kali (chini ya nyuzi 90), ama zote zisiwe kali. Kwenye kenchi zetu pembe hiyo, pale mbao ya mita 2.5 inapokutana na mbao ya chini, ni takriban nyuzi 53 kwa moja na 127 kwa nyingine, jumla 180. Mteja akiongeza neno moja, kali au butu, mafundi wote wawili watakata mbao ya chini ya urefu mmoja.