"Mwache alale, pombe itamtoka"

Wanafunzi wa chuo wanaofikishwa kwetu kitengo cha dharura kwa ulevi huletwa na wenzao, na mara nyingi wameshachelewa. Simsahau kijana mmoja aliyeletwa alfajiri, midomo imegeuka bluu, ngozi baridi. Rafiki yake alikuwa ameshika viatu vya mwenzake, akirudia maneno yale yale: "Tulidhani amelala." Alipona, lakini baada ya siku mbili za mashine ya kupumulia.

Mtu akiweka glasi chini, pombe iliyobaki tumboni huendelea kuingia kwenye damu. Anayekoroma saa saba usiku anaweza kuwa amelewa zaidi ifikapo saa nane. Ini nalo lina mwendo wake, takriban kinywaji kimoja cha kawaida, tuseme chupa ndogo ya bia, kwa saa. Kahawa haiongezi mwendo huo, wala kumwagiwa maji baridi. Sasa fikiria wanaoshindana kumaliza vinywaji 5, au 4 kwa mwanamke, ndani ya saa mbili.

Kinachoua hasa ni pumzi. Pombe ikizidi hulaza sehemu ya ubongo inayoendesha upumuaji. Mtu mzima wa afya akipaliwa hukohoa. Aliyelewa kiasi hicho hakohoi, na akitapika akiwa chali, matapishi huingia mapafuni.

Kuna pia kuzimika kwa kumbukumbu, ambako wanafunzi hukusimulia kwa kicheko asubuhi. Hilo huniumiza. Usiku ule mnywaji alikuwa macho, akaongea, pengine akashika usukani, ila ubongo haukuandika chochote. Hakuna kumbukumbu itakayorudi, kwa sababu haikuwekwa. Na huo ni ubongo ambao bado unakomaa, kazi inayoendelea hadi miaka ya ishirini na kitu.

Kwa hiyo mwite jina, mtikise bega. Kisha hesabu pumzi zake: zikiwa chini ya 8 kwa dakika, au kukiwa na pengo la sekunde 10 kati ya pumzi na pumzi, ita msaada wa dharura. Asipoamka ita hata kama pumzi zinaonekana sawa. Mlaze ubavu, kaa naye. Najua mnaogopa uongozi wa chuo. Sisi tutakachowauliza kwanza ni amekunywa nini, kiasi gani, na tangu saa ngapi, basi anayemjua vizuri aje naye.