"Nimeshaombea, Mchungaji": dhana potofu kuhusu kumwomba Mungu hekima

Sentensi ninayoisikia kuliko zote hapa ofisini usharikani ni hii: "Nimeshaombea, Mchungaji." Nikiisikia siku hizi navua miwani kwanza, kwa sababu mara nyingi maana yake ni kwamba hela imeshatoka, mahari imeshapokelewa, au barua ya kuacha kazi imeshapelekwa, na mimi nimeitwa kubariki.

Safari hii kilikuwa kiwanja cha Chanika. Kijana muungwana, mwanakwaya, ananiwekea mezani karatasi ya mauziano. Ina muhuri, ina saini, ina alama ya dole gumba. Shahidi wa muuzaji ni dalali. Shahidi wa mnunuzi ni dalali mwingine, kwa sababu kijana alikwenda peke yake. Mwanangu, majirani wa kile kiwanja uliongea nao? Hapana. Serikali ya mtaa ulikwenda mwenyewe, au karatasi ililetwa na muhuri wake? Ililetwa. Mke wa muuzaji anajua kama kiwanja kinauzwa? Hakumuuliza. "Lakini nilifunga, Mchungaji, nikamwomba Mungu anipe hekima, nikaona niache mambo ya wasiwasi."

Mambo ya wasiwasi! Hapo ndipo ilipolala dhana inayonikera kuliko nyingine zote: kwamba ukishaomba, kuuliza ni kukosa imani. Kwamba mtu wa rohoni hapekui, hapigi simu, hahesabu. Hayo ni ya watu wa mwilini. Anapiga magoti, anainuka na jibu.

Wenye dhana hii wana aya zao, na wanazijua kwa kichwa. Ya kwanza ni Yakobo 1. Aya ya 5 inasema mtu akipungukiwa na hekima na aombe kwa Mungu, "awapaye wote, kwa ukarimu, wala hakemei." Aya ya 6 inaongeza kwamba aombe kwa imani pasipo shaka, maana mwenye shaka ni kama wimbi la bahari. Sawa kabisa. Ila shaka anayoikataza Yakobo ni ya kumshuku Mungu. Kumshuku dalali hajakukataza. Na ukisoma kuanzia aya ya 2 utaona anaongea na watu walio katika majaribu, wanaohitaji hekima ya kuyavumilia mpaka wakomae. Hakuwa akigawa njia ya mkato ya kununulia ardhi.

Aya ya pili ni Mithali 3:5, "wala usizitegemee akili zako mwenyewe." Naipenda aya hii. Ninachoomba ni kwamba msomaji asiishie hapo, aendelee na kitabu chenyewe. Sura ya 14 aya ya 15 inasema mjinga huamini kila neno, bali mwenye busara huangalia sana aendavyo. Sura ya 15 aya ya 22 inasema pasipo mashauri makusudi hubatilika. Sura ya 18 aya ya 17 inaonya kwamba anayejieleza wa kwanza huonekana ana haki, mpaka mwenzake aje kumchunguza. Sasa niambie, kitabu kinachosisitiza mashauri na uchunguzi kiasi hicho kingekuwa kinakukataza kuuliza? Asiyezitegemea akili zake mwenyewe ndiye hasa anayekwenda kuuliza wengine. Aliyejifungia chumbani, akaomba, akaamua na kulipa bila kumwambia mtu, huyo amezitegemea akili zake na kuzivika vazi la maombi.

Halafu kuna Sulemani, ambaye kila mtu humtaja na wachache humsoma. Katika 1 Wafalme 3, kule Gibeoni, aliomba moyo wa kuwaamua watu na kupambanua mema na mabaya, na Mungu akampa. Angalia kinachofuata katika sura hiyohiyo. Wanawake wawili wanakuja na mtoto mmoja aliye hai na mmoja aliyekufa. Sulemani haoti ndoto. Hatoki nje kuomba. Hakuna sauti kutoka mbinguni. Anawasikiliza wote wawili hadi mwisho, anarudia maneno ya kila mmoja, "huyu asema hivi, na huyu asema hivi," kisha anaagiza upanga ili mtoto akatwe vipande viwili, na hivyo kuweka mtego ambao mama wa kweli hawezi kuuvumilia. Ni uchunguzi mtupu. Na sura inamalizika kwa kusema Israeli wote waliona kwamba hekima ya Mungu ilikuwa ndani yake. Hekima ya Mungu, ndani ya mtu anayehoji mashahidi.

Kwa haki niseme pia kwamba kosa la upande wa pili lipo. Yoshua 9: Wagibeoni wanakuja na mikate iliyokauka na viatu vilivyoraruka, wakidai wametoka nchi ya mbali. Watu wa Israeli wanakagua vyakula vyao, wanaridhika, wala hawataki shauri kwa Bwana. Baada ya siku tatu wanagundua kwamba wageni wale ni majirani zao. Kwa hiyo sisemi mtu aache kuomba aende na macho tu. Lakini kwa miaka yote hii, wanaokuja kwangu wakilia kwa sababu walichunguza sana wakasahau kuomba ni wachache mno. Foleni ni ya wale wengine.

Na kuna mambo hayahitaji kufungiwa hata mlo mmoja, kwa sababu yameshajibiwa. Dada anafunga wiki nzima kuuliza kama amdhamini shemeji yake kwenye mkopo wa kausha damu, ule wa riba kubwa. Dada yangu, Mithali 6 imeanza na jambo hilo hilo, na kwa aliyekwisha kudhamini inasema aende akajinyenyekeze, asilale usingizi mpaka ajinasue. Unaomba upewe jibu jingine?

Ushauri wangu, ambao wanakwaya wangu wameuchoka: kabla hujaanza kuombea jambo, liandike kwenye karatasi kwa sentensi moja. Ukishindwa, hujajua unaomba nini. Chini yake andika majina ya watu wanaojua jambo hilo kuliko wewe na wasiopata chochote ukisema ndiyo. Dalali anakula kamisheni, mtoe. Rafiki anayetafuta mwenzake wa kununua naye, mtoe. Kisha omba, na katikati ya maombi nenda kawaone. Kama ni kiwanja chenye hati, upekuzi kwa Msajili wa Hati ni sehemu ya maombi yako. Kama hakina, mjumbe na majirani wa pande zote nne ni sehemu ya maombi yako. Kama ni ndoa, kapimeni afya, na msiyachukie matangazo yale ya kanisani: Jumapili tatu za kutangazwa, na siku 21 za notisi chini ya Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971, zimewekwa ili anayejua kizuizi apate nafasi ya kusema. Nashangaa wachumba wanaoomba "Mungu utufunulie" halafu wanatafuta kanisa lisilotangaza.

Dhana nyingine nitazipitia haraka.

Dhana: "Nina amani moyoni, kwa hiyo ni mapenzi ya Mungu."

Yona alipokuwa akimkimbia Mungu alishuka ndani ya merikebu akalala fofofo, dhoruba ikivuma. Yesu pale Gethsemane, akiwa katikati kabisa ya mapenzi ya Baba, Luka anasema jasho lake lilikuwa kama matone ya damu. Nani kati ya hao alikuwa na "amani"? Utulivu unaweza kuletwa na Roho Mtakatifu, na unaweza kuletwa na uchovu wa kufikiri, au na furaha ya kupata tulichokuwa tunakitaka tangu mwanzo. Wakolosai 3:15, inayotajwa kila mara, inazungumzia amani ya Kristo kati ya watu walioitwa kuwa mwili mmoja. Kama uamuzi wako umekuletea amani wewe na umewakosesha usingizi mkeo, wazazi wako na wazee wa kanisa, usikimbilie aya hiyo.

Hapa Wakatoliki wana kitu ambacho sisi Walutheri tungekiazima bila aibu. Ignasi wa Loyola, ambaye shirika lake la Wajesuiti lilikubaliwa na Papa mwaka 1540, alifundisha kwamba mtu akiwa katika ukiwa wa rohoni, yaani moyo mkavu na wenye giza, asibadilishe uamuzi aliouweka akiwa ametulia. Mimi naongeza: wala usiamue saa tisa usiku kwenye mkesha. Nenda kalale, uamuzi wa kweli utakuwepo Jumanne.

Dhana: "Nilifungua Biblia nikaangukia aya."

Watu hunijibu kwa kisa cha Augustino, aliyefungua waraka wa Paulo kwenye bustani kule Milano mwaka 386 akabadilika. Ni kweli. Lakini alikuwa amekaa Milano tangu 384 akisikiliza mahubiri ya Ambrosio, askofu wa mji huo, na aya aliyoiangukia ilimwita aache maisha ya uasherati, haikumchagulia biashara. Baadaye, akiwa askofu huko Afrika ya Kaskazini, aliandika katika barua kwamba hapendi desturi ya watu kufungua kurasa za Injili ili kupata majibu ya shughuli za dunia. Basi.

Dhana: "Gideoni aliomba ishara, nami naomba."

Gideoni alikuwa ameshaambiwa waziwazi la kufanya kabla ya ile ngozi ya kondoo aliyoomba ilowe umande iwe ishara, mwenyewe anakiri katika Waamuzi 6 anaposema "kama ulivyosema." Ngozi ilikuwa ya kumshika mkono mtu mwoga. Wewe unaomba, "Bwana, kama ni yeye, anipigie kabla ya saa mbili usiku." Jamaa ana bando la dakika. Atapiga tu.

Dhana: "Nabii ameniona, habari imekwisha."

Hapa sina utani. Soma 1 Wafalme 13. Mtu wa Mungu kutoka Yuda ameambiwa na Bwana asile wala asinywe mahali pale. Nabii mzee anamfuata, anamwambia mimi nami ni nabii kama wewe, malaika amesema nami, rudi ule. Maandiko yanasema wazi kwamba alimdanganya. Yule mtu akarudi, akala, na njiani simba akamuua. Kilichompoteza ni heshima kwa cheo cha mwenzake.

Paulo hakufunga mlango wa unabii. Katika 1 Wakorintho 14:29 anasema manabii wanene wawili au watatu, "na wengine wapambanue." Maana yake ni kwamba waliokaa kwenye viti wana kazi ya kufanya. Kwa hiyo ukipewa neno, uliza: linakubaliana na Maandiko? Anayelitoa anapata nini nikilitii? Amekubali nilipeleke kwa mchungaji wangu, au ameniambia nisimwambie mtu? Neno linalodai siri na sadaka kwa pamoja, liache hapo hapo. Na kama neno linasema acha dawa za presha, za kisukari au ARV, usilipambanue hata kidogo. Meza dawa, nenda kliniki siku yako ya kawaida. Kama umepona, vipimo vya hospitali vitasema, na daktari ndiye atakayekuachisha.

Dhana: "Kuna jibu moja tu, nikikosea nimepoteza kusudi langu."

Hii inawatesa zaidi vijana waliosoma. Binti ana nafasi mbili za kazi, moja Posta hapa Dar es Salaam, moja Mwanza, zote halali, na kwa mwezi mzima hali vizuri akihofia kwamba moja ni ya Mungu na nyingine ni ya shetani. Hata kwenye ndoa, ambako hofu hii ni kubwa zaidi, Paulo anamwambia mjane yuko huru kuolewa na amtakaye, "katika Bwana tu" (1 Wakorintho 7:39). Amtakaye! Kuna mipaka, na ndani ya mipaka kuna nafasi ya kutembea. Binti yangu, piga hesabu ya mshahara, ya kodi ya nyumba, ya nani atakayemwangalia mama. Waulize wanaofanya kazi pale. Omba. Chagua moja, waandikie wale wengine barua ya shukrani, na Jumatatu uripoti kazini.