Mlio wa Vidole, Makali ya Wembe na Dhana Nyingine za Maongezini

Marafiki wakikaa kupiga soga, hakosekani mmoja wa kumwonya mwenziwe anayealisha vidole, yaani anayevivuta au kuvikunja mpaka vitoe mlio, kwamba uzeeni atapatwa na baridi yabisi. Onyo hilo husadikika upesi kwa kuwa mlio wenyewe unafanana mno na wa kitu kinachovunjika, ingawa hapana mfupa unaovunjika wala kusagika. Ndani ya kiungo mna majimaji ya kulainisha. Kiungo kinapovutwa, nafasi iliyomo hupanuka ghafla, mgandamizo hushuka, na gesi iliyoyeyuka katika majimaji hayo hufanya uwazi. Picha za MRI, yaani za kipimo kinachoonyesha ndani ya mwili kwa nguvu za sumaku, zilizochapishwa mwaka 2015 zilionyesha uwazi huo ukitokea sambamba na mlio. Gesi huchukua takriban dakika 20 kuyeyuka tena, na ndiyo sababu kidole kilichokwisha kulia hugoma kikivutwa papo hapo.

Daktari mmoja wa California, Donald Unger, aliyekuwa akionywa hivyo na mama yake na shangazi zake tangu utotoni, aliamua kulipima jambo hili mwilini mwake. Kwa miaka 50 alialisha vidole vya mkono wa kushoto angalau mara mbili kwa siku, na vya kulia akaviacha ili apate cha kulinganisha. Alipochapisha matokeo mwaka 1998, hakuwa na baridi yabisi katika mkono wowote. Ni kweli kwamba mtu mmoja hatoshi kuthibitisha jambo la kitabibu, na tafiti zilizohusisha watu wengi zaidi ndizo za kutegemewa, nazo hazikuona uhusiano kati ya mazoea hayo na ugonjwa huo. Hata hivyo, uvumilivu wa nusu karne kwa ajili ya kumjibu mama unastahili heshima. Mwaka 2009 alitunukiwa Ig Nobel, tuzo ya utafiti unaochekesha kwanza na kufikirisha baadaye.

Wanaodai kwamba kunyoa huzidisha unene wa nywele nao wana ushahidi wa vidole vyao, kwa kuwa kidevu kilichonyolewa juzi hukwaruza. Unywele usioguswa huchongoka nchani, lakini wembe huukata pale ulipo mnene na kuuacha na ncha butu. Mzizi, ambao ndio unaoamua unene na kasi ya kukua, umo chini ya ngozi, makali ya wembe yasikofika. Mildred Trotter, mtaalamu wa maumbile ya mwili kutoka Marekani, alilichunguza suala hili mwaka 1928 na hakuona badiliko lolote. Kucha za maiti nazo hudhaniwa kuendelea kukua, kumbe huonekana tu kurefuka kwa sababu ngozi inayozizunguka hukauka na kunywea.

Dhana hizi zote zilianzia kwenye kitu kilichoonwa au kusikika kweli, kikaelezwa visivyo. Ile ya kwamba binadamu hutumia asilimia 10 tu ya ubongo wake haina hata udhuru huo, maana hakuna aliyewahi kuziona hizo 90 zikiwa zimelala. Picha za ubongo huonyesha shughuli karibu kila mahali, hata mtu akiwa usingizini. Zaidi ya hayo, ubongo una takriban asilimia 2 ya uzito wa mwili lakini hutumia karibu asilimia 20 ya nishati yake, na ni vigumu kueleza kwa nini mwili ugharimie kiasi hicho kiungo kisicho na kazi.