Je, wajua? Mwamba ukizama zaidi ardhini, alama yake hutanda

Mombasa tukitajiwa madini ya Mrima kule Kwale, swali la kwanza huwa: chini kuna nini, na kitajulikanaje kabla ya kuchimba? Njia mojawapo ni gravimita, chombo kinachopima uvutano wa dunia. Palipozikwa mwamba mzito kuliko mawe yanayouzunguka, uvutano huongezeka kidogo. Ziada hiyo hupimwa kwa miligali, na miligali 1 ni kama sehemu moja ya milioni ya uvutano wote.

Wengi huona alama pana ya ziada hiyo kwenye ramani ya vipimo wakasema mwamba ni mkubwa. Si lazima. Mwamba ule ule, bila kuongezewa hata kilo moja, hutoa alama kali na nyembamba ukiwa karibu, na alama hafifu iliyotanda ukiwa mbali.

Fikiria balbu tupu imening'inizwa usiku juu ya uwanja wa Makadara. Ukiishusha, doa la mwanga huwa dogo na kali. Ukiipandisha, doa hupanuka na kufifia, lakini balbu ni ile ile. Kama uwanja ungekuwa hauna mwisho, jumla ya mwanga unaoufikia isingebadilika kamwe. Linalostaajabisha ni kwamba mwamba wa duara hufuata hesabu hiyo hiyo hasa: jumla ya ziada yake juu ya ardhi yote haitegemei kina, hutegemea uzito tu.

Chukua mwamba wa duara wenye nusu kipenyo cha mita 100, unaozidi mawe jirani kwa kilo 500 katika kila mita ya ujazo. Kitovu chake kikiwa mita 200 chini, kilele cha alama ni kama miligali 0.35. Kikishuka hadi mita 400, kilele hubaki robo, kama 0.09, na upana huwa maradufu.

Hapa pana tahadhari. Alama pana yaweza pia kutoka kwa tabaka jembamba lililotandazwa karibu na uso wa ardhi, na vipimo vya uvutano peke yake haviwezi kuamua. Kinyume chake ndicho hakiwezekani: alama nyembamba haitoki kilindini, kwa hiyo ukali wake huweka kikomo cha kina.

Nao uvutano hupungua miligali 0.3086 kwa kila mita unayopanda. Ukikosea mwinuko wa kituo cha kupimia kwa sentimita 30 tu, kosa linatosha kuufunika mwamba wetu wa mita 400.