Kitunguu saumu cha maua: mboga, dawa au pambo?

Tangu mmea huu ulipoanza kuonekana kwenye nyua za mtaani kwetu Chumbageni, Tanga, majirani wananiuliza maswali yaleyale.

Dada, mbona hili ua la zambarau linanuka kitunguu saumu?
Asili yake ni Afrika Kusini, na kitaalamu huitwa *Tulbaghia violacea*. Harufu inatokana na kemikali za salfa, kama za kitunguu saumu chenyewe. Ponda jani moja vidoleni utaisikia mara moja.

Yanalika?
Majani na maua yanalika. Mimi huyakatakata membamba na kuyatupia kwenye mchuzi wa changu wa nazi, tui likishaiva, kisha naepua. Yakichemka sana ladha inapotea. Lakini ni kiungo, tia kidogo. Wanaokunywa maji yake mengi kama dawa huishia kuumwa tumbo.

Mama yangu anakohoa. Nimchemshie?
Wazulu wameutumia kwa mafua, homa, pumu, hata kifua kikuu. Maabara nazo zimeona maji yake yakizuia baadhi ya bakteria na kuvu, ila hiyo ni kwenye kisahani, siyo kifuani mwa mtu. Nakuomba sana: akikohoa wiki mbili au zaidi, mpeleke kituo cha afya apimwe makohozi. Dawa za kifua kikuu ni bure na kwa kawaida humezwa miezi 6. Kama ni kifua kikuu, kila wiki anayokaa nyumbani akinywa majani, ugonjwa unazidi na wajukuu wanaolala naye wako hatarini.

Na presha?
Panya wa maabara walipewa, presha ikashuka. Kwa binadamu hilo halitoshi. Usiache vidonge vyako. Kama unatumia dawa za kuzuia damu kuganda, au unasubiri upasuaji, mwambie daktari kabla ya kuutumia.

Unafukuza nyoka?
Wengi wanaamini hivyo, ushahidi hakuna. Fyeka majani, ziba mashimo.

Nitaujuaje nisije nikachuma mwingine?
Hapa kuweni makini. Mayungiyungi meupe yenye petali ndefu kama miguu ya buibui, yaliyojaa kwenye bustani za pwani, nayo yana majani marefu ya kijani, na vitunguu vyake vina sumu inayotapisha. Hayana harufu ya saumu. Nawa mikono kwanza ndipo uponde jani, kwa sababu vidole vikishashika saumu, kila jani litanukia saumu. Ukibaki na shaka, usile.