Utabiri wa dhoruba: asilimia 96 inaweza kukudanganya

Dhana: Utabiri ukipatia mara 96 kati ya 100, ni utabiri mzuri.

Muulize John Finley. Mwaka 1884 mwanajeshi huyu wa Marekani alitoa tabiri 2,803 kuhusu tonado, ule upepo mkali unaozunguka kama mrija ulioning'inia mawinguni. Zikahesabiwa: asilimia 96.6 sahihi! Lakini katika tabiri zote hizo, tonado zilitokea mara 51 tu. Mvivu ambaye angeandika kila mara "hakuna tonado" kisha akarudi kulala angepata asilimia 98.2.

Siri iko kwenye mara 2,680 ambazo Finley alisema hakuna, na kweli hakukuwa na kitu. Hizo ni alama za bure. Mwaka huohuo mwanajiolojia G. K. Gilbert alipendekeza ziwekwe kando, zibaki hesabu tatu: alizopatia (28), alizotahadharisha bure (72) na zilizomponyoka (23). Sasa ni 28 kati ya 123, yaani kama asilimia 23. Kipimo hicho kinatumika mpaka leo. Hata hivyo, kunasa tonado 28 kati ya 51 bila rada wala setilaiti, mimi namvulia kofia.

Dhana: Kimbunga kikienda kwingine, watabiri wametudanganya.

Aprili 2019 watu wa Mtwara, kusini mwa Tanzania, walitahadharishwa kuhusu kimbunga Kenneth, kikaenda kutua Cabo Delgado, Msumbiji, ng'ambo ya mto Ruvuma. Hapa hakuna jibu la ndiyo au hapana. Hupimwa umbali kati ya kitovu kilichotabiriwa na kitovu halisi, na katika utabiri wa siku mbili, kukosea kwa kilomita mia si ajabu. Tena kimbunga si nukta. Upepo na mvua yake hufika mbali na kitovu.

Dhana: Ukishajua njia yake, umejua yote.

Njia hupimwa kwa kilomita, nguvu kwa kasi ya upepo, na mtu anaweza kupatia moja akachemsha nyingine. Usiku wa kuamkia 25 Oktoba 2023, kimbunga Otis kilitua karibu na Acapulco, Meksiko, kikiwa daraja la 5, la juu kabisa. Saa 24 kabla, hakuna tahadhari rasmi iliyokuwa imetaja daraja hilo.